Kabla ya kufungua giaboksi ya Land Rover kuukuu, jua kwanza kilichoiua

KATIKA mitaa ya Kisauni, ng'ambo ya Daraja la Nyali, si ajabu kuikuta Land Rover ya zamani imeegeshwa uani chini ya mwembe, magurudumu yamezama mchangani na mwenyewe ameshika tama.

Mara nyingi injini ya gari hilo huwa nzima. Kilichokufa ni sanduku la gia, au giaboksi kama waitavyo mafundi. Gia ya pili inasaga, ya tatu inaruka yenyewe, au gari linalia kama kinu cha kusaga mahindi kila linapoondoka.

Kwa mwenye gari anayetegemea kubeba mchanga, maji au mawe ya kujengea, kila siku gari linapolala ni siku ya hasara. Kununua giaboksi nyingine iliyotumika nako ni bahati nasibu, kwani muuzaji hawezi kukuonyesha kilichomo ndani.

Njia ya tatu ni kuifungua giaboksi hiyo nyumbani na kuiunda upya. Kazi hii inawezekana, na mafundi wa jua kali wa Pwani wameifanya kwa miaka mingi. Tatizo ni kwamba wako wanaoifanya mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza walibadilisha kilichovunjika bila kutafuta kilichokivunja.

Makala haya yanahusu zaidi Land Rover za Series III, zilizotengenezwa tangu mwaka 1971 hadi 1985. Humu nchini, magari ya Land Rover yaliwahi kuunganishwa katika kiwanda cha Leyland kilichoanzishwa mjini Thika mwaka 1974. Hata hivyo, kanuni nyingi zitakazotajwa hapa zinafaa pia kwa magari mengine ya zamani ya kwenda porini yenye gia za mkono.

Ni vyema kwanza kuelewa kazi ya giaboksi. Gia ya kwanza ya Series III ina uwiano wa 3.68 kwa moja, yaani injini huzunguka mara 3.68 ili shafti inayotoka nyuma izunguke mara moja. Gia ya pili ni 2.22, ya tatu ni 1.50, na ya nne ni moja kwa moja.

Kutoka hapo nguvu hupita katika sanduku la pili, lile linaloigawa kwa ekseli ya nyuma na ya mbele. Hilo lina hatua mbili: ya juu yenye uwiano wa 1.148 na ya chini yenye 2.35. Mwisho kabisa, gia za ekseli huongeza uwiano wa 4.7.

Ukizidisha tarakimu hizo, utaona kwamba gari likiwa katika gia ya kwanza na hatua ya chini, injini huzunguka zaidi ya mara 40 ili gurudumu lizunguke mara moja tu. Katika gia ya nne na hatua ya juu, huzunguka takriban mara 5.4. Ndiyo sababu gari hili huweza kujitoa katika tope zito. Ndiyo sababu pia meno na beringi zake hubeba mzigo ambao injini yenyewe haiubebi.

Sasa turudi kwenye gari lililo chini ya mwembe. Kabla ya kushika spana, mwenye gari anapaswa kulisikiliza.

Katika gia ya nne, shafti inayoleta nguvu kutoka kwa injini hufungamana moja kwa moja na shafti kuu. Shafti ya chini huendelea kuzunguka lakini haibebi mzigo. Kwa hivyo, kelele ikisikika katika gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha ikatulia katika ya nne, mshukiwa wa kwanza ni shafti ya chini na beringi zake.

Kelele ikisikika gari likiwa limesimama bila gia, kisha ikanyamaza unapokanyaga klachi, shuku beringi ya shafti ya kuingiza nguvu au zile za shafti ya chini. Ikianza pale unapokanyaga klachi, basi anayelalamika ni beringi ya klachi, na gia hazina hatia.

Gia moja ikisaga huku nyingine zikiingia vizuri, ringi ya sinkro ya gia hiyo huenda imelika. Ringi hiyo ya shaba hufanya kazi kama breki ndogo: husawazisha mwendo wa vyuma viwili kabla ya meno yake kukutana. Ikishalika, haishiki tena.

Lakini gia zote zikisaga, na ya kurudi nyuma ikikataa kuingia hata gari likiwa limesimama, tazama klachi kwanza. Series III hutumia mafuta ya breki kusukuma klachi, na uvujaji mdogo au hewa ndani ya mirija huifanya isiachie kikamilifu. Giaboksi nyingi nzima zimefunguliwa bure kwa sababu ya hitilafu hiyo ambayo tiba yake ni rahisi.

Gia inayoruka yenyewe nayo haimaanishi lazima kwamba meno yamekwisha. Kila fimbo ya kuchagulia gia hushikwa mahali pake na gololi na springi. Springi ikichoka, gia huruka. Springi hizo hufikiwa kutoka nje, na ni busara kuzibadilisha kwanza kabla ya kuhukumu giaboksi nzima.

Shahidi wa pili ni mafuta. Yamwage katika karai safi na uyatazame juani. Vumbi linalong'aa kama dhahabu latoka kwa ringi za sinkro au vyuma vingine vya shaba. Vipande vinavyonaswa na sumaku vyatoka kwa meno au beringi. Mafuta meupe kama maziwa yameingiwa na maji.

Jambo hili la mwisho lina uzito wake Kisauni, ambako barabara za ndani hujaa maji wakati wa masika, na ambako magari haya hutumiwa pia kuvuta mashua ufuoni. Maji, hasa ya chumvi, hula beringi kimyakimya hata gari likiwa limeegeshwa. Ukikuta mafuta meupe, ringi mpya hazitakusaidia usipotafuta mahali maji yalipopitia.

Yako mengine ya kuchunguza. Mafuta yakipungua katika sanduku la kugawa nguvu huku yakiongezeka katika giaboksi, au kinyume chake, sili iliyo kati ya masanduku hayo mawili imekufa. Hapo ndipo usipoziba ufa utajenga ukuta: sili ndogo huua shafti nzima kwa kuinyima mafuta.

Baada ya uchunguzi huo ndipo gari lifunguliwe. Katika Series III, giaboksi haishushwi chini bali hutolewa kwa juu, kupitia ndani ya gari. Ondoa betri, viti na sanduku lake, mabati ya sakafu, mikono ya gia na propela zote mbili.

Hapa kuna hatari ambayo imewashtua wengi. Breki ya mkono ya gari hili haishiki magurudumu. Hushika shafti inayotoka nyuma ya sanduku la kugawa nguvu. Ukishatoa propela ya nyuma, breki ya mkono haizuii chochote. Weka magogo au mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu kabla ya kufungua bolti ya kwanza.

Uzani wa giaboksi ikiwa pamoja na sanduku la pili hupita kilo 100. Usitegemee mabega ya vijana wa mtaani wala tawi la mwembe. Tumia puli ya mnyororo iliyofungwa kwenye nguzo imara. Jeki nayo isiwekwe juu ya mchanga mtupu wa Kisauni, kwani huzama upande mmoja. Itandikie mbao nene na pana. Watoto waondolewe uani mpaka chombo kitue chini, na asiwepo mtu chini ya mzigo unaoning'inia.

Ikishatua, ioshe nje kabla ya kuifungua. Chembe moja ya mchanga yatosha kuharibu beringi mpya. Kazi yenyewe ifanyiwe juu ya meza iliyotandikwa nguo safi, chini ya paa au turubai, na ikiwezekana nje ya majira ya masika. Unyevu wa Pwani hutia kutu beringi iliyoguswa na jasho la vidole, hivyo beringi mpya zibaki ndani ya karatasi zake hadi dakika ya kuzitia.

Kila kipande kinachotoka kipangwe mezani kwa mfuatano wake, kikitazama upande kilikotazama. Bolti zitobolewe kwenye kipande cha katoni kilichochorwa umbo la giaboksi, kila moja mahali pake, kwa sababu urefu wake haulingani. Siku hizi picha za simu husaidia, ila picha haikwambii ni pete gani ilitangulia nyuma ya nyingine.

Katika kukagua, safisha kila chuma kwa mafuta ya taa na ukikaushe. Meno yenye vishimo au yaliyomeguka hayana dawa. Iweke ringi ya sinkro juu ya mkono wa gia yake, uibonyeze, kisha upime nafasi iliyobaki kati yake na meno. Nafasi ikikaribia kwisha, ringi hiyo haifai. Ikiwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha mtengenezaji hakijafikiwa, usijidanganye kwa kuitazama rangi yake.

Beringi, ringi za sinkro, sili, gasketi na springi zibadilishwe zote kwa pamoja, kwani gharama ya kuirudia kazi hupita bei ya vipande hivyo. Wakati giaboksi iko nje, kagua pia pleti ya klachi, beringi yake, na bushi ndogo iliyo mwisho wa kranki ambamo ncha ya shafti ya kuingiza nguvu hukaa.

Vipuri vya magari haya bado vinatengenezwa ng'ambo, ila ubora wake hutofautiana sana. Kenya ilipitisha sheria ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008, lakini mnunuzi bado ndiye mlinzi wa kwanza. Nenda dukani na kipande cha zamani mkononi, linganisha nambari za beringi na hesabu meno.

Wakati wa kurudisha beringi, nyundo si rafiki. Nyumba ya giaboksi ni ya alumini, nayo hutanuka kuliko chuma inapopata joto. Ipashe kwa maji yanayochemka na beringi itaingia bila kupigwa. Kisha ikaushe kabisa na uipake mafuta. Mahali panapohitaji presi au mashine ya kukereza, peleka kipande hicho kwa mwenye mashine badala ya kubahatisha.

Usisahau vipini vidogo vilivyo kati ya fimbo za kuchagulia gia. Kazi yake ni kuzuia gia mbili zisiingie kwa wakati mmoja. Vikiachwa nje, giaboksi yaweza kujifunga ghafla barabarani. Baada ya kila hatua, zungusha shafti kwa mkono, na kabla ya kuirudisha garini ingiza gia zote, moja baada ya nyingine, ukiwa bado mezani.

Mafuta ya kutia ni yale yaliyotajwa katika kitabu cha gari, kwa kawaida EP90. Giaboksi huchukua takriban lita 1.5 na sanduku la pili lita 2.5, kila moja kwa tundu lake. Soma maandishi ya mkebe, kwani baadhi ya mafuta makali yaliyokusudiwa ekseli huweza kudhuru shaba ya ringi. Baada ya kilomita 500 hivi, yamwage na uyatazame tena.

Lipo deni moja linalobaki uani, nalo ni mafuta machafu. Familia nyingi za Kisauni hutumia maji ya visima, na ardhi ya huku ni mchanga na mawe ya matumbawe, ambayo hupitisha maji upesi. Mafuta yanayomwagwa nyuma ya nyumba hayabaki hapo. Hufuata maji kwenda kisimani kwako au kwa jirani. Yakusanye katika mtungi wenye kifuniko, pamoja na mafuta ya taa uliyooshea, na uyapeleke kwa wakusanyaji walioidhinishwa.

Kazi yote hii, kwa mtu anayeifanya mara ya kwanza, si ya siku moja wala mbili. Anayehitaji gari Jumatatu asiifungue giaboksi Jumamosi. Aidha, ikiwa nyumba ya alumini imepasuka, au gia kadhaa zimemeguka meno kwa pamoja, ni heri kutafuta giaboksi nyingine kuliko kutupa fedha katika hii.

Lakini ikiwa ulichokikuta ni ringi zilizolika, beringi zilizochoka na sili iliyokauka, nawe umejua maji au ukosefu wa mafuta ulianzia wapi, basi gari lako halijafa. Ziba njia hiyo kwanza, ndipo utie vipuri vipya.