Kuku wa Maonyesho (2): Damu Iliyo Chini ya Manyoya

Sehemu iliyopita tulimwangalia kuku kwa jicho la mwamuzi: umbo, kichwa, miguu, rangi. Tangu hapo ninaulizwa swali moja tu, jogoo na matetea wazuri wanapatikana wapi. Naomba tusubiri kidogo. Kabla hela haijatoka mfukoni, mfugaji anapaswa kuelewa kwamba uzuri wa kuku machoni ni jambo moja, na watoto atakaowaleta ni jambo jingine.

Chukua kidimu, yule kuku wa manyoya yaliyopinda ambaye wengi wetu tumemwona uani tangu utotoni. Mshike. Kwa kuku wa kawaida, ukipitisha kiganja kutoka shingoni kwenda mkiani, manyoya hulala. Kwa kidimu kiganja kinakwama, kwa sababu kila unyoya umejikunja kuelekea kichwani na ncha yake imetazama nje. Nchini Uingereza kuku wa namna hii ana viwango vyake rasmi katika maonyesho, na jogoo aliyejikunja sawasawa mwili mzima huwasimamisha watu mbele ya kizimba chake.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa Iringa, nilinunua jogoo na matetea wawili wa aina hiyo, nikawaweka banda moja. Niliamini kidimu kwa kidimu hutoa kidimu. Siku ya 21 vifaranga walianguliwa, wote laini, wote sawa. Wiki ya pili mabawa yakaanza kusema. Baadhi walitoa vinyoya vilivyonyooka kama vya kuku yeyote. Wengi walipinda kama wazazi wao. Lakini wawili walikuwa na vinyoya vilivyojisokota kama nyuzi za kamba ya katani iliyofumuka, tena vyepesi kukatika. Walipojisugua ukutani vilibaki chini. Baridi ya Julai iliwakuta karibu uchi. Niliwawekea taa usiku, wakajibana chini yake, na mmoja hakuiona Agosti. Kuku yule aliteseka kwa sababu mimi nilianza kufuga kabla ya kujifunza, na hilo halijanitoka moyoni.

Sababu yake inaeleweka kwa urahisi. Kifaranga hupokea urithi kutoka pande mbili, kwa jogoo na kwa koo. Kidimu mzuri wa maonyesho kwa kawaida ana jeni moja ya kupinda na moja ya kunyooka. Ukimpandisha na mwenzake wa namna hiyo hiyo, katika kila vifaranga wanne, kwa wastani mmoja atapata mbili za kunyooka, wawili watakuwa kama wazazi, na mmoja atapata mbili za kupinda. Huyo wa mwisho ndiye anayebaki uchi. Kwa hiyo kidimu hupandishwa na kuku wa manyoya ya kawaida wa ukoo ule ule: nusu ya vifaranga watapinda na nusu watanyooka, na hakuna atakayezaliwa kuteseka. Neno “wastani” nalo lizingatiwe. Kila yai lina bahati yake, na mayai manane hayalazimiki kutii hesabu.

Kishingo, yule kuku asiye na manyoya shingoni, naye anasomeka vivyo hivyo, tena kwa macho tu. Tazama sehemu ya chini ya shingo, kwa mbele. Ukiona kishada cha manyoya hapo, ana jeni moja ya shingo tupu. Asipokuwa nacho, yaelekea anazo mbili, na watoto wake wote watatoka vishingo.

Mwanafunzi akiniambia amenunua kitabu cha viwango, ninafurahi, lakini ninamkumbusha kinachokosekana humo. Waingereza walichapisha viwango vyao vya kwanza mwaka 1865, chini ya uhariri wa William Tegetmeier, yule aliyemsaidia Charles Darwin kwa habari za njiwa na kuku. Wamarekani wakafuata mwaka 1874. Vitabu hivyo vilieleza kuku anavyopaswa kuwa. Vilikuwa kimya juu ya namna urithi unavyomfikisha hapo. Gharama ya ukimya huo ililipwa na wafugaji wa Andalusian, kuku wa rangi ya bluu ya moshi. Kila walipopandisha bluu kwa bluu, walipata pia weusi na weupe wenye madoadoa, wakawaona ni uchafu wa damu, wakawatupa. Mwanzoni mwa karne ya 20, William Bateson na Reginald Punnett wa Cambridge walionyesha kwamba bluu ni mchanganyiko na haiwezi kutulia. Na kwamba ukimpandisha mweusi na yule mweupe wa madoadoa, vifaranga wote hutoka bluu. Wale waliotupwa ndio waliokuwa na dawa.

Haya yote hayatakufaa kitu kama hujui yai limetoka kwa nani. Anza na aina moja, jogoo mmoja na matetea wawili au watatu, banda lao peke yao. Kila kuku avae pete yenye namba mguuni, na tarehe ya kutaga iandikwe kwa penseli kwenye yai lenyewe. Daftari nalo liandikwe jioni ile ile, maana kumbukumbu ya kesho ina mapengo.

Ukibadilisha jogoo, usikimbilie kutotolesha. Koo huhifadhi mbegu za jogoo ndani ya vifuko vidogo katika njia yake ya uzazi, na anaweza kuendelea kutaga mayai yenye mbegu za yule wa kwanza kwa wiki mbili, pengine zaidi. Mayai ya wiki tatu hadi nne za mwanzo yapelekwe jikoni. Hesabu yako ianze na yai linalofuata, na kuanzia hapo, katika sehemu ya tatu, tutachagua jogoo.