Bondo la Samaki Katika Painti ya Mwingereza

Msomaji wetu mmoja, muuguzi anayefanya kazi Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, ameniandikia malalamiko mawili na maswali mawili. Kila Jumamosi jirani yake mstaafu humchukua kwenda naye baa ya mtaani, na huko huletewa bia isiyo baridi, isiyo na gesi ya maana, inayovutwa kwa mpini mrefu kama wa pampu ya kisima. Wazee wa meza ile huinua glasi kwenye mwanga wa dirisha, hunusa, hupiga funda moja, kisha huandika alama kwenye simu zao kama wasahihishaji wa mtihani wa darasa la saba. Juzi mzee mmoja akamwambia kwamba bia anayokunywa imesafishwa kwa samaki. "Da' Mwandishi, hawa wananitania kwa ugeni wangu?"

Hawakutanii.

Malalamiko niyamalize upesi, maana si hayo yaliyoninyima usingizi. Bia hiyo ni hai: imetoka kiwandani haijachujwa wala kupashwa moto, na hamira inaendelea na kazi ndani ya pipa, kama ilivyo kwa mbege ya Kilimanjaro. Gesi yake ni ile iliyotolewa na hamira yenyewe, kiasi cha nusu tu ya ile ya bia ya chupa uliyoizoea. Joto la stoo ya chini ni nyuzi 11 hadi 13, kwa sababu bia ikiwa kama barafu ulimi hufa ganzi na harufu ya hopsi haipandi. Pipa likishafunguliwa, kila painti inayotoka, mililita 568, huacha nafasi ya hewa kuingia, na hewa ni mlango wa siki. Ndiyo maana baa inayojiheshimu hujitahidi pipa liishe ndani ya siku tatu.

Na zile alama? Ni za CAMRA, kampeni ya kutetea bia hai iliyoanzishwa mwaka 1971 na Waingereza wanne wakiwa kwenye baa ya Kruger huko Dunquin, Ireland. Kipimo chao kinaanzia 0, bia isiyonyweka, hadi 5, isiyo na dosari, na nusu alama inaruhusiwa. Alama za wanachama ndizo zinazosaidia kuchagua baa za kuingia katika kitabu chao cha mwongozo kinachotoka tangu 1974. Sheffield wanalichukulia jambo hili kwa uzito: Kelham Island Tavern ya mjini humo ilitangazwa baa bora ya taifa mwaka 2008, ikarudia 2009. Lakini lililonifurahisha ni kwamba kipimo hakikuulizi kama aina hiyo ya bia unaipenda. Kinauliza imetunzwaje. Anayefanyiwa mtihani, kwa hiyo, ni mtu aliye chini ya sakafu, anayelaza pipa, kulitoboa na kulisubiri litulie.

Litulie. Hapo ndipo samaki anapoingia.

Pipa likifika baa limetikisika njia nzima, na ndani yake hamira inaelea, seli mamilioni katika kila mililita. Seli moja ina upana wa maikromita tano hadi kumi hivi, na mwanafizikia George Gabriel Stokes alikwishatufundisha mwaka 1851 kwamba kitu kidogo namna hiyo huzama kwa uvivu wa kutisha. Nimepiga hesabu: kama milimita tatu kwa saa. Pipa la kawaida la galoni tisa, likilazwa ubavu, lina kina cha sentimita arobaini hivi. Hamira ya mwisho itafika chini siku ya tano au ya sita, na mwenye baa anataka kuuza kesho. Ila kanuni hiyohiyo ya Stokes ina zawadi ndani yake: upana ukiongezeka mara kumi, mwendo unaongezeka mara mia. Seli zikishikana mafungu, kazi ya siku tano inakuwa ya saa chache. (Mafungu yana maji katikati, kwa hiyo si mia kamili. Tuendelee.)

Tatizo ni kwamba hazitaki kushikana. Ngozi ya kila seli ya hamira, ikiwa ndani ya bia, ina chaji hasi, na hasi kwa hasi husukumana. Fikiria nyumba ya vyumba sita, Magomeni au Tandale, yenye wapangaji waliogombana wote kwa wote. Huyu akitoka ukumbini, yule anarudi chumbani. Hakuna ugomvi mkubwa, ila hakuna wawili watakaoketi mkeka mmoja. Kisha anahamia mama mmoja kijumbe wa upatu. Huyu hana kinyongo na mtu, ana mikono mingi, na kila mkono umebeba chaji chanya. Anagonga chumba cha kwanza, anamshika mpangaji. Bado kamshika, anagonga cha pili. Kufikia jioni nyumba nzima imeketi ukumbini kwenye mkeka mmoja, si kwa kupendana, bali kwa kuwa wote wameshikwa na mtu mmoja. Mkeka ukiwa mzito, unazama.

Kijumbe huyo ni kolajeni, protini ndefu iliyosokotwa nyuzi tatu kama ukili, na chanzo chake bora kwa kazi hii ni bondo, ule mfuko wa hewa ulio tumboni mwa samaki. Bondo hukaushwa, hukatwakatwa, hulowekwa kwenye asidi hafifu hadi linakuwa uji mwepesi, na kiasi kidogo humiminwa katika pipa. Idadi nayo ina adabu yake. Vijumbe wakiwazidi wapangaji, kila mpangaji anabaki na kijumbe wake chumbani na upatu haufanyiki. Bia iliyotiwa uji huo kupita kiasi hukataa kung'aa.

Na sasa tazama uzuri wa jambo: bondo ni kiungo alichopewa samaki ili asizame. Mwingereza amelichukua kuzamishia hamira.

Tuuiteje uji huo? Nimeona mtu akiandika "kichujio", na sikubali. Kichujio kina matundu. Hiki hakina, na hakizuii kitu kupita. "Kitakaso" kinanukia ibada. Mimi nimerudi kwa maji ya mtungini, ambayo bibi zetu walisema yametuama, matope chini na weupe juu. Kinachotuamisha kiwe kituamishi, kwa mwendo wa kiunganishi. Rafiki yangu mhariri anataka "kituamisho". Namwambia kituamisho ni tendo au matokeo, kituamishi ni mtendaji, naye ananijibu kwamba natafuta ugomvi. Pengine. Kituamishi.

Bibi zetu hao, kwa kweli, walikijua. Mbegu za mlonge zikisagwa na kukorogwa kwenye maji ya tope, tope hushuka, na sababu ni ileile: protini yenye chaji chanya inashika chembe za udongo zenye chaji hasi. Tofauti ni kwamba kijumbe wa mlonge ni mfupi na mnene, wa bondo ni mrefu mwenye mikono.

Udhaifu wa kijumbe wa bondo ni joto. Ukiacha supu ya makongoro usiku kucha, asubuhi imeganda kama jeli: hiyo ni kolajeni iliyofumuliwa na moto ikawa jelatini, ukili uliokatika. Kwenye pipa, kolajeni iliyofumuka haishiki mtu. Sasa, inafumuka kwenye joto gani? Inategemea samaki aliishi wapi! Kolajeni ya chewa wa bahari ya baridi, yule samaki ambaye mhandisi William Murdoch alimtumia mwaka 1795 kutuamishia bia badala ya samaki wa Urusi waliokuwa ghali, hulegea karibu nyuzi 15. Mwaka 2004 John Muyonga wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake walipima kolajeni ya sangara wa Ziwa Victoria, wakapata nyuzi 36. Walipima ya ngozi, si ya bondo, lakini ukili ni ukili. Samaki aliyekulia maji ya vuguvugu hubeba protini inayovumilia vuguvugu.

Kwa hiyo si ajabu kwamba mabondo ya nchi za joto, ya sangara yakiwemo, yamepata njia ya kufika katika bia ya Uingereza. Mengi ya Mwanza na Kisumu huishia kwenye masufuria ya supu ya Wachina, kwa bei inayoipita minofu mbali sana. Lakini inawezekana kabisa, ndugu muuguzi, kwamba kilichoing'arisha painti yako kiliwahi kuogelea karibu na Ukerewe. Kwenye glasi hubaki kidogo mno, kwani kijumbe huzama na wapangaji wake. Wasiokula samaki hawaridhiki na maelezo hayo, na wapo watengenezaji, Moor ya Bristol wakiwa mstari wa mbele, wanaouza bia yao bila kituamishi, ikiwa na ukungu. Ukungu si uharibifu, na baadhi ya wazee watakukatalia hilo hadi kufa.

Umeniuliza pia, mwishoni mwa barua, bia ya Jumamosi iliyopita ingestahili alama ngapi. Unasema ilikuwa angavu, ya ubaridi wa wastani, harufu ya maua, povu limekufa mapema, na mzee aliandika 3. Ningeipa 3.5, ila sikuwa mezani.