Je, Wajua? Matundu ya Karavani Hayazibwi

Je, wajua kwamba karavani, ile nyumba ya magurudumu inayokokotwa na gari, huundwa Ulaya ikiwa na matundu ya hewa yasiyofungika, sakafuni na darini? Gesi ya kupikia ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini na kutoka kupitia matundu ya sakafuni. Kuyaziba matundu hayo kwa kuogopa baridi ni hatari. Mbwa naye hupoza mwili hasa kwa kuhema, hivyo akilala ndani na familia huongeza joto na unyevu, navyo huhitaji matundu hayo ili vitoke.

Usiku funga mlango, ufunguo uwe karibu. Acha dirisha likiwa na upenyo mdogo, lakini limekomewa lisifunguke zaidi. Weka king'ora cha kaboni monoksidi, gesi yenye sumu. Jiko la mkaa, ambalo hutoa gesi hiyo hata likififia, libaki nje.