Akina Bakari wa Limpopo

Sikilizeni majina haya, wajukuu zangu: Sadiki, Bakari, Hamisi, Hasani, Selemani. Nikiwauliza ni ya wapi, mtanijibu hata kabla sijamaliza: ya kwetu, babu, ya Kilwa, ya Pangani, ya Lamu. Sawa, lakini ni ya kwingine pia. Haya ni majina ya koo za watu wanaoishi mbali kabisa na mawimbi, kusini mwa Zimbabwe na katika mkoa wa Limpopo, Afrika Kusini. Matamshi yao yamegeuka kidogo: Bakari huitwa Bakali, Selemani akawa Seremane. Watu hao ni Walemba. Hawasemi Kiswahili wala Kiarabu. Husema lugha za majirani zao, Kivenda, Kishona na Kipedi. Na ukimwuliza mzee wao asili yake, hatakutajia Uarabuni. Atakwambia, huku amekaza macho, kwamba yeye ni mwana wa Israeli.

Naona mmoja wenu ameanza kutabasamu. Meza kwanza tabasamu hilo. Tuisikilize hadithi kama wanavyoisimulia wenyewe, maana si adabu kumpinga mtu kabla hajatua mzigo wake.

Wanasema mababu zao walitoka Uyahudi zamani sana, wakashuka kusini hadi Yemeni, wakajenga mji ulioitwa Sena. Wakaishi huko miaka na mikaka, wakawa mafundi na wafanyabiashara. Kisha mambo yakaharibika. Wakapanda vyombo, wakavuka maji wanayoyaita Pusela, na wengine wakapotelea humo baharini. Waliofika bara la Afrika wakajenga Sena nyingine. Wakasonga tena, wakiuza nguo na kufua shaba na chuma, kizazi baada ya kizazi, hadi wakaingia nchi ya Zimbabwe na kuvuka Mto Limpopo. Pusela ni wapi? Wazee wenyewe wanakiri kwamba hilo limewatoka.

Mbele ya msafara, wanasema, ilibebwa ngoma. Iliitwa Ngoma Lungundu, ngoma ya ngurumo. Haikuruhusiwa kugusa ardhi. Ilipitishiwa miti na kubebwa mabegani na watu wa ukoo mmoja tu, ukoo wa Buba, ambao ndio makuhani, na mtu mwingine akiigusa hufa. Vitani ilitoa moto na sauti iliyowaangusha maadui. Mnaosoma Biblia mmeshaanza kutazamana. Mnamkumbuka Uza, aliyenyoosha mkono kulishika Sanduku la Agano lisianguke, akafa palepale? Walemba nao wameliona hilo, na ndiyo maana husema kwamba ngoma yao na Sanduku lile ni ndugu.

Na ngoma yenyewe ipo. Katika miaka ya 1940 mmisionari Mswidi, Harald von Sicard, aliipata, ikawekwa katika makumbusho ya Bulawayo. Ikasahauliwa. Mwaka 2007 msomi Mwingereza Tudor Parfitt, aliyekuwa akiitafuta kwa miaka mingi, aliikuta katika ghala la makumbusho mjini Harare: gogo lililochongwa, limechakaa, na juu yake mabaki ya pete za kupitishia miti ya kubebea. Kipande cha mbao yake kilipopimwa kaboni, umri ukaonyesha miaka ya 1350 hivi baada ya Kristo. Kwa hiyo si Sanduku la Musa. Parfitt akasema huenda ni mjukuu wa Sanduku, limechongwa upya baada ya lile la kwanza kuharibika, na akaandika kitabu kizima. Mimi hapo simfuati. Ngoma inayobebwa kwa heshima haihitaji kuzaliwa na Sanduku. Isitoshe, Wavenda nao husimulia habari za Ngoma Lungundu, wakisema ilikuwa ya mfalme wao Thoho-ya-Ndou.

Lakini Walemba hawakupata sifa kwa sababu ya ngoma peke yake. Majirani walikuwa wakiwatambua kwa mwenendo. Nguruwe hawamgusi. Nyama hawali mpaka mnyama achinjwe na mwanamume wa Kilemba aliyetahiriwa, damu imwagike yote. Mwezi ukiandama huutazamia, na desturi ya zamani ilikuwa kunyoa nywele siku hiyo. Maiti humlaza amenyooka, ilhali makabila ya jirani yalimzika mtu amekunjwa. Tohara walikuwa nayo muda mrefu, na inasemekana wao ndio waliowafunza baadhi ya majirani. Mlima Dumghe, huko Mberengwa, ni mtakatifu kwao kwa ajili ya jando. Tena walikuwa wakali kwenye ndoa. Mwanamke wa nje akiolewa na Mlemba alipaswa kwanza kuingizwa katika desturi zao, na zamani, kwa mujibu wa wazee, alinyolewa kichwa na kupitishwa katika tundu la kichuguu, aingie huku mgeni na atoke kule Mlemba. Binti wa Kilemba kuolewa nje lilikuwa jambo gumu zaidi.

Sasa tumieni akili zenu. Nguruwe, kuchinja, tohara, mwezi mwandamo. Mambo hayo yanamwelekeza mtu kwa nani? Kwa Wayahudi, ndiyo. Na kwa Waislamu je? Vilevile! Ukiongeza yale majina ya Hamisi na Hasani, na ukisikia kwamba asiye wa kabila lao wamemwita msenzi (neno hilo mnalijua, na kwenu pia si la heshima), unaanza kunusa harufu ya chumvi ya pwani ya Waswahili. Ila Walemba hawakuwa na msikiti, hawakuwa na Kurani, wala Ijumaa kwao haikuwa tofauti na siku nyingine. Wakoloni na wamisionari waliokuja karne ya 19 waliziona desturi hizi, wakaandika kwamba hawa wana asili ya Kisemiti. Wasomi wengine wanadhani habari za Israeli zilipata nguvu hapo, pale mzee wa Kilemba aliposomewa Agano la Kale kwa mara ya kwanza na kukuta desturi za babu yake zimeandikwa humo. Hebu jiwekeni mahali pake. Mngefanyaje?

Katika karne ya 20 Walemba waliunda chama chao cha utamaduni, na kiongozi wake mashuhuri alikuwa Profesa Matshaya Mathivha, mwalimu wa chuo kikuu aliyeandika historia ya watu wake kwa msimamo usioyumba: sisi ni Wayahudi, na hatuhitaji ruhusa ya mtu kuwa hivyo. Parfitt alianza safari yake ya kuitafuta Sena baada ya kukutana na Walemba. Alifika Hadhramaut, mashariki mwa Yemeni, huko huko walikotoka Washihiri ambao wengi wenu mnanunua kahawa na mikate kwao. Akakuta mji uitwao Sena, na bonde linaloshuka kutoka huko hadi baharini. Wenyeji wakamsimulia kwamba zamani bwawa lilipasuka, mashamba yakakauka, watu wakahama.

Hapo ndipo wanasayansi walipoingia na vijiti vyao vya pamba vya kuchukulia mate shavuni. Nitawaeleza polepole. Kila mwanamume ana kipande cha vinasaba kiitwacho kromosomu Y. Alipewa na baba yake, naye na baba yake, hivyo hivyo hadi zama zisizo na jina. Ni kama mhuri wa ukoo unaotoka kiganja cha baba kuingia kiganja cha mwana. Mara moja moja huingia mkwaruzo mdogo, na mkwaruzo huo nao hurithiwa. Ukiilinganisha mihuri ya watu wawili unaweza kukadiria kama waliwahi kuwa na babu mmoja.

Mwaka 1996 watafiti wa Afrika Kusini walionyesha kwamba karibu nusu ya mihuri ya wanaume wa Kilemba haikuchongwa Afrika, bali Mashariki ya Kati. Mwaka uliofuata watafiti wengine wakatoa habari kuhusu makohen, wale Wayahudi wanaosema wametokana na Haruni, kaka yake Musa, ambao ukuhani wao hupita kwa baba kwenda kwa mwana. Wengi wao walishiriki alama zinazofanana. Kisha mwaka 2000 Parfitt na wataalamu wa vinasaba wakatangaza kwamba alama hizo zipo kwa Walemba pia, na zimejaa hasa katika ukoo mmoja. Upi? Buba. Wale wale wabeba ngoma. Habari ikazunguka dunia, na kule Limpopo wazee wakasema: si tuliwaambia?

Subirini, hadithi haijaisha. Mwaka 2013 Himla Soodyall, mtaalamu wa vinasaba wa Johannesburg, alichapisha utafiti uliopima alama nyingi zaidi, kwa undani zaidi. Matokeo: ndiyo, mababa walitoka ng'ambo ya bahari, lakini alama zile haziwezi kutumika kuthibitisha kwamba walikuwa Wayahudi, kwa sababu Waarabu na watu wengine wa Mashariki ya Kati wanazo zinazofanana. Na upande wa akina mama, vinasaba vinavyorithiwa kwa mama vilionyesha Waafrika. Mabibi wa Walemba ni wa hapa hapa kusini.

Na sisi watu wa pwani je? Mwaka 2023 jopo la watafiti, akiwamo mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba, lilitangaza matokeo ya vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya kale ya Waswahili, kama Mtwapa, Manda na Kilwa. Wengi walikuwa na damu ya akina mama wa Kiafrika na ya akina baba wa Asia, hasa Uajemi, waliochanganyika kuanzia mwaka 1000 hivi. Nasi tuna hadithi yetu ya majahazi saba kutoka Shirazi, ambayo wasomi waliidharau kwa miaka mingi. Kwa hiyo mkiwacheka Walemba, mnajicheka.

Nitawaambia ninavyodhani mimi. Karne ya 14, wakati lile gogo la ngoma linakatwa, dhahabu ya bara ilikuwa ikishuka hadi bandari ya Sofala, na Sofala ilikuwa chini ya Kilwa. Sarafu ya shaba ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa imechimbuliwa katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Wafanyabiashara walipanda na nguo na shanga, wakaoa huko. Kwenye Mto Zambezi kuna mji ambao mpaka leo unaitwa Sena, nao ulikuwa kituo chao. Wareno walijenga ngome Sofala mwaka 1505, na katika miaka ya 1570 jeshi la Francisco Barreto likawaua wafanyabiashara Waislamu pale Sena. Waliokuwa wamebaki bara, wakiwa wametengwa na pwani, wangeshika nini? Wangeshika kile ambacho baba anaweza kumfundisha mwana bila kitabu: namna ya kuchinja, nani wa kuoa, mwezi wa kutazama, jina la ukoo, jina la mji. Kama miongoni mwao alikuwamo Myahudi wa Yemeni, si ajabu. Yemeni ilikuwa na Wayahudi tele.

Kuna mtego mmoja lazima niwaonyeshe. Walemba husema mababu zao walisaidia kujenga kuta za mawe za Zimbabwe Kuu. Mjerumani Carl Mauch alipofika pale mwaka 1871 alidhani ameona kazi ya Malkia wa Sheba, na baada yake walowezi waling'ang'ania kwamba lazima mjenzi awe mgeni, yeyote yule mradi asiwe Mwafrika. Gertrude Caton-Thompson alichimba mwaka 1929 akasema wazi kwamba ni kazi ya Waafrika. Serikali ya Rhodesia haikupenda kusikia hivyo hata miongo minne baadaye. Wajenzi walikuwa mababu wa Washona, na kama fundi wa Kilemba alibeba jiwe, alilibeba akiwa mtoto wa mama wa hapo hapo.

Je, Israeli imewakubali? Wayahudi wa Ethiopia walitambuliwa mwaka 1975 na maelfu yao wakasafirishwa kwa ndege mwaka 1984 na 1991. Walemba hawajapata utambuzi kama huo, na wengi hawajauomba. Hawana haja ya kuhama. Wala si wote wanaotegemea ukoo: karibu na Mbale, Uganda, wako Abayudaya, ambao hawadai damu yoyote ya Israeli: mwaka 1919 kiongozi wao Semei Kakungulu alisoma Agano la Kale, akaamua kulifuata, basi.

Walemba wengi leo ni Wakristo, na wengine ni Waislamu. Jumapili utawakuta kanisani wakiimba. Ukiwauliza inakuwaje Myahudi akaimba kanisani, watakueleza kwamba kanisa ni dini na Ulemba ni ukoo, na kwamba mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Nguruwe, hata hivyo, bado hawamli.