Dubwana Lililobaki Kwenye Karatasi

"Mjomba, hivi filamu inaweza kufa kabla haijazaliwa?"

Swali zuri hilo, mpwa wangu. Wengi huuliza filamu iliyotoka inahusu nini. Wewe unauliza ile ambayo haikutoka. Endelea kuuliza hivyo hivyo.

Jibu ni ndiyo, inaweza. Sogea hapa nikusimulie.

Kuna filamu za kutisha zinazoitwa Alien. Ni za wakubwa, kwa hiyo usiniombe nikuwekee leo. Ya kwanza ilitoka mwaka 1979. Aliiongoza Mwingereza, Ridley Scott. Chombo kinasafiri mbali angani, ndani mna watu saba na paka. Dubwana linaingia. Watu wanakufa mmoja mmoja, mpaka anabaki mwanamke anayeitwa Ripley.

"Na paka?"

Na paka anabaki.

"Na lile dubwana, ni kitu gani?"

Ni vazi, mpwa wangu. Ndani ya vazi hilo alikuwamo kijana wa Nigeria, Bolaji Badejo, mwanafunzi wa sanaa kule London, mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili. Ni Mwafrika mwenzetu. Sasa hofu imepungua, siyo?

Filamu ya pili ikaja mwaka 1986, mwongozaji James Cameron. Mwisho wake wanasalimika wanne: Ripley, mtoto wa kike Newt, askari Hicks, na Bishop, ambaye ni mashine yenye sura ya mtu. Wakalala usingizi mrefu chomboni, wanarudi nyumbani. Watazamaji wakatoka ukumbini wakiulizana: halafu itakuwaje?

Hadithi yetu inaanzia hapo, kwenye hiyo "halafu".

Wenye filamu wakaita mtunzi. Huyu alikuwa William Gibson, bingwa wa riwaya za kompyuta na nyakati zijazo. Gibson akaandika sehemu ya tatu. Ripley kapoteza fahamu, Hicks na Bishop ndio wanaoongoza mapambano. Dubwana halitoki kwenye yai tu, linasambaa kama ugonjwa. Na mataifa mawili makubwa yanagombea kulifanya silaha. Wenye filamu wakasoma, wakauweka mswada pembeni. Wakamwita mtunzi mwingine. Halafu mwingine.

Lakini kuna mswada mmoja ninaoupenda kuliko yote. Huo nitauacha ujisemee wenyewe. Sikiliza.

"Mimi ni mswada. Nilizaliwa kichwani mwa mtu wa New Zealand, Vincent Ward. Alinipa dunia nzima ya mbao. Sakafu mbao, ngazi mbao, inaelea angani. Wakazi wangu ni watawa. Wamezikataa mashine. Wanasoma vitabu, wanasali, wanatengeneza kioo kwenye karakana yao. Siku moja wakaona nyota inashuka. Kumbe si nyota. Ni chombo cha Ripley."

"Wakampokea vizuri?"

"Walimwogopa. Mauaji yalipoanza, wakasema mwanamke huyu ndiye aliyetuletea shetani. Wakamfungia."

"Sasa kwa nini hukupigwa filamu?"

"Kwa sababu filamu inataka pesa nyingi, na mwenye pesa ndiye mwenye neno la mwisho. Wakaniuliza, mbao za nini huko angani? Wakataka watawa wangu wawe wafungwa, na dunia yangu iwe gereza. Ward hakukubali. Akaondoka, na mafundi walikuwa wameshaanza ujenzi studio."

Maskini mswada! Lakini usilie bado, mpwa wangu.

Umewahi kuona nyumba ya udongo inavyobomolewa huku kwetu Mzenga? Udongo unaanguka, makuti yanatupwa. Nguzo je? Nguzo hazitupwi. Mwenyewe anazipanga kando, anazigongagonga asikie kama mchwa wamekula. Nzima inakwenda kuwa mwimo wa mlango wa nyumba mpya. Fupi inakwenda kushikilia banda la kuku. Ukiikagua kwa karibu, utaona bado ina tundu la msumari wa zamani.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mswada wa Ward. Filamu ya tatu ikatoka mwaka 1992, mwongozaji David Fincher. Watawa wakawa wafungwa, lakini wafungwa wenye dini yao. Karakana ya kioo haipo, lakini lipo tanuru la kuyeyushia madini ya risasi, na hapo ndipo dubwana linapokomeshwa. Ripley anaanguka vilevile kutoka angani, katikati ya wanaume wasiomtaka. Na jina la Vincent Ward liliandikwa humo kama mwenye hadithi. Matundu ya misumari yanaonekana.

"Na Gibson? Yeye hakubakiwa na nguzo?"

Nilijua utauliza! Ilibaki moja, ndogo. Wafungwa wale wana alama ya mistari nyuma ya vichwa vyao, kama ile ya kwenye pakiti ya biskuti inayosomwa kwa mashine dukani. Gibson mwenyewe alisema hicho ndicho kilichosalia kwenye kazi yake. Miaka ikapita. Mwaka 2019 mswada wake ukafanywa mchezo wa kusikiliza, na waigizaji wale wale wa Hicks na Bishop wakarudi kutoa sauti zao. Ulikuwa umelala miaka thelathini na zaidi.

Sasa, Hicks na Newt waliuawa mwanzoni kabisa mwa filamu ya tatu. Jambo hilo liliwaumiza watazamaji wengi, na mimi naona lilikuwa kosa kubwa. Mtoto aliyeokolewa kwa taabu vile haondolewi kirahisi. Mwaka 2015 Neill Blomkamp, mzaliwa wa Johannesburg, alionyesha michoro yake: Ripley yumo, na Hicks yu hai, ana makovu usoni. Watu wakashangilia. Lakini Ridley Scott alikuwa na filamu yake mwenyewe ya Alien, iliyotoka mwaka 2017, na ile ya Blomkamp ikawekwa kando. Michoro ipo. Filamu haipo.

"Mjomba, nami naweza kuandika yangu?"

Nani wa kukuzuia? Karatasi haikuulizi pesa. Leta daftari. Anzia hapa: treni ya TAZARA imesimama stesheni ya Mzenga usiku, kitu kimeshuka behewa la nyuma, na hakina tiketi. Niandikie nani alikiona kwanza, na alifanya nini. Jumamosi unisomee.