Unabadilisha madirisha Makupa? Uliza upepo kwanza

Umepata kazi, chapaa imeanza kuingia, na kitu cha kwanza unachotaka kumfanyia mamako ni kung'oa yale madirisha ya mbao yaliyoliwa na mchwa. Safi sana. Lakini kabla hujamtumia fundi pesa ya kwanza, soma hii.

Siku hizi Makupa na Majengo kila mtu anataka alumini ya kusukuma, vioo vyeusi, nyumba ing'ae kama ofisi. Poa, lakini piga hesabu, haihitaji digrii: dirisha la kusukuma lenye vioo viwili hufunguka nusu tu. Uwazi wa sentimita 120 unakupa 60 za upepo. Lile la bawaba hufunguka lote. Halafu mtu anashangaa mbona Februari feni haizimwi!

Wazee walijenga wakijua. Katikati ya mwaka kuna kusi, mwisho wa mwaka mpaka Machi hivi kuna kaskazi. Nyumba ya Kiswahili ina korido ndefu, mlango wa mbele unatazamana na wa uani, upepo unaingia huku unatokea kule. Ukiziba upande mmoja, umeiziba nyumba nzima. Kwa hivyo ukitaka alumini, agiza ya bawaba, utie na wavu wa mbu.

Pili, chumvi. Makupa bahari iko huku na huku. Chuma hushika kutu haraka, hasa pale kilipochomelewa. Ukichagua chuma, rangi ya kuzuia kutu ipakwe kote kabla hakijafungwa ukutani, si upande wa barabarani pekee. Alumini yenyewe haishiki kutu hivyo, lakini skrubu za bei rahisi ndizo hufa kwanza. Uliza anatumia zipi.

Mlango wa nje uwe mbao ngumu, mvule au mninga. Ule mwepesi wa plaiwudi weka ndani. Ukipigwa na mvua unavimba, hata komeo halifungi.

Tatu, grili, na hapa sitanii. Nyumba zetu zimebanana, vyumba vingi vinategemea korido moja. Moto ukizuka hapo usiku, dirisha ndilo mlango wako. Kila chumba cha kulala kiwe na grili moja inayofunguka kwa ndani, funguo iwe pahali mkono wa mwizi haufiki, na watoto waijue. Mwizi atakuibia simu. Grili isiyofunguka inaweza kukuibia mtu.

Na kama nyumba ya familia iko Mji wa Kale na ina mlango wa nakshi, usikubali yule jamaa anayekuja na pesa taslimu. Sheria ya makavazi na turathi ya 2006 inalinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1946. Ulizia kwanza kwa watu wa Makavazi ya Taifa pale Fort Jesus.

Mwisho, pima kila uwazi juu, katikati na chini, uchukue kipimo kidogo. Kuta za zamani hazijanyooka. Fundi mpe nusu. Nusu nyingine mpe ukishafungua na kufunga kila dirisha kwa mkono wako mwenyewe, grili pia.