Karati ya dhahabu si karati ya almasi

Msomaji mmoja wa mtaa wa Iftin mjini Garissa ameniuliza: je, karati ni uzito au ni ubora? Swali ni zuri, na jibu linategemea kinachouzwa.

Neno lenyewe limesafiri mbali. Wagiriki waliliita keration, yaani kipembe, kwa umbo la ganda la kharubu, mti ambao mbegu zake zilitumiwa kupimia vitu vya thamani. Waarabu wakaliita qirat. Mnamo 1907, mkutano wa kimataifa wa vipimo uliafikiana kwamba karati moja ya vito iwe miligramu 200. Kwa hivyo, almasi ya gramu moja ina karati tano. Karati moja nayo hugawanywa katika pointi 100. Ukiambiwa "pointi 50", hiyo ni nusu karati.

Kwa dhahabu, mambo ni mengine kabisa. Hapa karati ni usafi, unaohesabiwa kwa sehemu 24. Dhahabu ya karati 21 ina sehemu 21 za dhahabu halisi na 3 za madini mengine, ndiyo maana hupigwa muhuri wa 875. Ya karati 18 hupigwa 750. Wamarekani huandika karati ya almasi kwa herufi C na ya dhahabu kwa K. Sisi tuna neno moja tu.

Chukua mfano wa almasi ya waridi iliyochimbwa Mwadui, Shinyanga, mwaka 1947, akapewa Elizabeth wa Uingereza alipoolewa. Ilipochongwa ilibaki na karati 23.6, yaani gramu 4.72. Kwa dhahabu, tarakimu hizohizo zingekuambia kwamba karibu yote ni safi, lakini zisingekuambia hata chembe kuhusu uzito!

Basi fikiria mahari. Wazee wakiandika tu "kidani cha dhahabu cha karati 21", bibi harusi ameahidiwa nini? Gramu 10 au 50? Hakuna ajuaye, na siku ya ugomvi kila upande utalisoma neno upendavyo. Andikeni yote mawili: gramu 50, karati 21. Hapo dhahabu halisi ni gramu 43.75. Kikiletwa cha karati 18 chenye uzito uleule, amepunjwa gramu 6.25.

Mnunuzi wa almasi naye aulize: karati moja ni ya jiwe moja, au ni jumla ya vijiwe kumi? Jiwe moja kubwa kwa kawaida huwa ghali kuliko vijiwe vingi vya uzito huohuo. Tena uzito hausemi lolote kuhusu rangi, uangavu wala uchongaji, na hayo pia ndiyo hupandisha au kushusha bei.

Pendekezo langu ni jepesi. Tuseme "almasi yenye uzito wa karati moja" na "dhahabu yenye usafi wa karati 21". Ni neno moja tu la ziada, lakini litamlinda mnunuzi na sonara mwaminifu vilevile.